Mwalimu mgeni Japani: kazi za Septemba hadi Novemba, kabla baridi haijakukuta mikono mitupu

Ukitaja vuli Tanga au Mombasa, mtu anafikiria mvua fupi na mbegu za kupanda. Japani, majira ya miezi hiyohiyo huitwa aki, na mambo yake ni mengine: majani yanapukutika, jua linawahi kuzama, na shule inaingia kwenye muhula wenye pilikapilika kuliko yote. Kwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza, anayejulikana huko kama ALT, aliyefika mwishoni mwa Julai au Agosti, huu ndio muhula wake wa kwanza kamili.

Usidanganywe na joto la Septemba. Wastani wa Tokyo ni nyuzi 23.3 Septemba, 18.0 Oktoba na 12.5 Novemba. Kwa lugha ya nyumbani: unaanza na Dar es Salaam ya mwezi wa saba, unapita Nairobi, unaishia Limuru au Njombe katikati ya kipupwe, yote ndani ya siku tisini. Sapporo, mji wa kaskazini, ni 18.6, kisha 12.1, kisha 5.2, na hiyo ya mwisho kwetu utaikuta milimani tu. Wanaoteseka zaidi si wanaoogopa baridi bali wanaochelewa, maana hita nzuri za bei nafuu huisha dukani wiki ileile unayoanza kutetemeka.

Wiki ya kwanza: ratiba na tiketi

Nenda kwa kyoto-sensei, yaani naibu mwalimu mkuu (hana uhusiano na mji wa Kyoto, ni sauti tu zinazofanana masikioni mwa mgeni), umwombe nenkan gyoji yotei, ratiba ya shughuli za mwaka mzima. Kama unafundisha shule tatu, omba tatu, kwa sababu hazilingani. Tafuta humo undokai (siku ya michezo), bunkasai (tamasha la utamaduni, ambalo mara nyingi lina mashindano ya kwaya za madarasa), chukan tesuto (mtihani wa kati ya muhula, karibu katikati ya Oktoba) na kimatsu tesuto (wa mwisho wa muhula, karibu mwisho wa Novemba). Siku za mitihani mara nyingi huna kipindi, kwa hiyo ndizo siku za kuombea nenkyu, likizo yako ya mwaka, bila kumwachia mwenzako mzigo.

Tafuta pia neno furikae kyujitsu. Shughuli ikifanyika Jumamosi au Jumapili, shule hulipa kwa siku nyingine ya mapumziko, kwa kawaida Jumatatu inayofuata. Wageni wengi huja kazini siku hiyo na kukuta lango limefungwa. Kama una shule zaidi ya moja, uliza kwa maandishi ni siku ipi hasa unayofidiwa wewe.

Sikukuu za kitaifa za kipindi hiki ni Jumatatu ya tatu ya Septemba, siku ya usawa wa mchana na usiku (tarehe 22 au 23 Septemba), Jumatatu ya pili ya Oktoba, tarehe 3 Novemba na tarehe 23 Novemba.

Unayetaka kwenda nyumbani Desemba, tafuta tiketi sasa. Likizo ya baridi huanza karibu tarehe 25 Desemba na kwa kawaida humalizika wiki ya kwanza ya Januari, tena kwa shule nyingi kwa pamoja, kwa hiyo bei hupanda kwa kila mtu siku zilezile. Angalia tarehe ya mwisho ya kadi yako ya ukaazi. Siku ya kuondoka uwanjani, kwenye ile karatasi ya kutoka nchini, weka alama kwenye kisanduku kinachosema unaondoka kwa muda na utarudi. Ukikisahau, ukaazi wako unaweza kuhesabika umekoma, na kuurudisha ni kuanza upya.

Vimbunga

Vimbunga hupiga zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Uliza shuleni mapema: "Tahadhari ikitolewa alfajiri na wanafunzi wakabaki nyumbani, mimi nije?" Shule nyingi huwazuia wanafunzi tu. Mwalimu hutegemewa kufika, au atumie siku yake ya likizo. Ni vizuri ulijue hilo kabla ya asubuhi yenyewe.

2. Chukua ramani ya maeneo hatari, hazado mappu, kwenye ofisi ya mji. Tazama kama nyumba yako iko kwenye rangi ya mafuriko au ya maporomoko ya udongo, na kituo cha kukimbilia kiko wapi. Mara nyingi ni ukumbi wa michezo wa shule unayofundisha.

3. Weka maji ya kunywa lita 3 kwa mtu mmoja kwa siku, yatoshe siku 3 angalau. Usiku wa kuamkia kimbunga jaza beseni la kuogea. Hayo ni ya kumwagia chooni, maji ya bomba yakikatika.

4. Siku moja kabla, ingiza ndani fito za kuanikia nguo, vyungu na baiskeli. Kisha safisha tundu la maji la roshani. Watu hulisahau hili, majani yanaliziba, na maji yanaingia sebuleni kwa kupitia mlango wa kioo.

5. Sikiliza namba za ngazi. Ngazi ya 3 inawataka wazee na wanaohitaji msaada waondoke. Ya 4 inamtaka kila aliye eneo la hatari aondoke. Ya 5 maana yake maafa yameshafika au yako mlangoni, kwa hiyo usiisubiri.

Zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110, na 171 ni ya kuacha na kusikiliza ujumbe wa sauti wakati mitandao imeelemewa. Anga likishafunguka usiende kutazama mto. Maji ya milimani yanaendelea kushuka saa kadhaa baada ya jua kutoka.

Siku ya michezo

Shule nyingi zimehamishia undokai Mei au Juni kwa sababu ya joto, lakini zipo zinazoifanya Septemba mwishoni au Oktoba. Kosa la mgeni ni kudhani amealikwa kama mtazamaji. Walimu hufika alfajiri kusimamisha mahema, kuchora mistari kwa chokaa na kupanga viti, na mwalimu aliyesimama mikono mfukoni huonekana na uwanja mzima. Wiki moja kabla uliza: "Undokai de, watashi no shigoto wa nan desu ka?" (kazi yangu siku ya michezo ni ipi?) Utapewa kazi ndogo, pengine kushika kamba ya kumalizia mbio, nayo inatosha. Njoo na kofia, taulo dogo la shingoni, maji lita mbili na viatu vya kukimbilia, maana huenda ukavutwa kwenye mbio za kupokezana za walimu bila taarifa.

Baada ya shughuli kubwa huwa kuna karamu ya walimu. Bei ya yen 4,000 hadi 6,000 kwa kichwa ni ya kawaida, na hulipwa sawa kwa wote, uwe umekunywa bia au chai. Asiyekunywa pombe ajiagizie uron-cha, chai baridi ya rangi ya hudhurungi. Hakuna atakayemuuliza zaidi. Asiyekula nguruwe amwambie mwandaaji siku anapothibitisha kuja, si mezani. Na usijimiminie mwenyewe: mmiminie jirani, naye atakumiminia.

Chakula cha mchana, nguruwe na mirin

Shule za msingi na nyingi za sekondari ya chini hula chakula kimoja kwa wote, kyushoku, na mwalimu hukilipia kila mwezi. Aki ndiyo ladha yake bora: wali wa njugu za chestinati, samaki sanma, uyoga, viazi vitamu. Ndiyo pia wakati wa tonjiru, supu ya miso (soya iliyochachushwa) ya kutia mwili joto, ambayo ni ya nguruwe. Nguruwe hujificha kwenye mchuzi wa kari, kwenye maandazi ya nyama, na ndani ya supu iliyoandikwa mboga tu.

Mwislamu, au yeyote mwenye mwiko wa chakula, asiishie kusema "sili nguruwe". Omba kondate-hyo, orodha ya vyakula ya mwezi yenye viungo vyake, kisha zungushia alama hizi: 豚 ni nguruwe, ラード ni mafuta yake, ゼラチン ni jelatini, 酒 ni pombe ya mchele, みりん ni mirin, pombe tamu ya kupikia ambayo imo karibu katika kila mchuzi. Kaa na mwalimu wa lishe ukiwa na karatasi hiyo na umweleze mipaka yako ni ipi hasa, kwa sababu yeye hawezi kujua kama kwako mirin ni tatizo au la. Wapo wanaokubali kilichochemka, wapo wasiokubali. Hilo ni lako. Baada ya hapo kuna njia mbili: kula siku zinazofaa na kuja na chakula chako siku nyingine, au kujitoa kabisa na kubeba bento, chakula chako cha mchana kutoka nyumbani. Kujitoa kuna tarehe yake ya mwisho kila mwezi, kwa kuwa viungo huagizwa kwa idadi ya watu. Ukipitiliza unalipia sahani usiyoigusa. Kwa maoni yetu, bento ya kila siku ni rahisi kuliko kuchunguza sahani moja moja mbele ya watoto thelathini wanaokutazama.

Nje ya shule, viazi vitamu vya kuoka, yaki-imo, huuzwa kwenye mashine karibu na mlango wa duka kubwa. Huokwa polepole, ndiyo maana vina utamu wa asali ambao cha kuchemsha hakiupati. Tahadhari moja kwa matunda ya kaki, yale ya rangi ya chungwa utakayoyaona juu ya miti isiyo na majani: usichume ukang'ata. Mengi ya miti ya uani ni ya aina chungu yenye ukakasi kuliko ndizi mbichi, na wenyewe huyamenya na kuyaanika kwanza. Dukani chukua aina ya Fuyu, iliyo bapa na tamu ikiwa bado ngumu.

Darasani: hotuba, mitihani ya mdomo, na Halloween

Mashindano ya hotuba za Kiingereza kwa sekondari ya chini huangukia mwanzo wa aki, na mazoezi yake utapewa wewe, baada ya vipindi, mwanafunzi mmoja au wawili kwa wakati. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawaitambui. Kijapani, kama Kiswahili, kina irabu tano zilezile na hupenda kila silabi iishie na irabu. Sisi tunasema keki na benchi. Wao kēki na benchi. Sisi basi, wao basu. Kwa hiyo unajua kutoka ndani kwa nini mtoto anasema "desuku": si uzembe, ni lugha yake inatafuta pa kutua.

Mpangilio unaofaa kwa wiki tatu au nne ni huu. Siku ya kwanza usisahihishe matamshi kabisa. Soma hotuba pamoja naye na mkate sentensi ndefu vipande, mkiweka mstari mmoja pa kuvuta pumzi na miwili pa kunyamaza. Mrekodie sauti yako mara mbili, polepole na kwa mwendo wa kawaida, aende nayo nyumbani. Wiki ya pili shughulikia irabu za ziada kwa kupiga makofi: neno desk ni kofi moja. Yeye atapiga matatu. Mwonyeshe kwamba hata lugha yako hupiga mawili, de-ski, na atacheka, na kuanzia hapo kazi inakuwa nyepesi. Wiki ya tatu chukua L na R, kwa maneno yaliyomo kwenye hotuba tu: kwa L ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno na kubaki hapo, kwa R haigusi popote. Ishara za mikono ziwe za mwisho. Ukianza nazo mapema, mtoto anakumbuka mkono na kusahau neno.

Oktoba na Novemba wataletwa pia wanaojiandaa na usaili wa Eiken, mtihani wa Kiingereza wa Japani. Wape mazoezi mafupi ya dakika kumi, na mfundishe kila mmoja jinsi ya kuomba swali lirudiwe. Wengi hunyamaza tu wasipolisikia, na alama zinapotea kwenye ukimya huo.

Halloween utaombwa uifundishe, iwe kwenu inajulikana au la. Wenyeji huona kila mgeni anayefundisha Kiingereza ameikulia. Usikatae, ila usijifanye. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 45: tumia 20 kwa mchezo wa msamiati wa Halloween ambao mwalimu wa darasa anautarajia, na 20 kwa jambo la kwenu, kama kanga na maneno yaliyoandikwa juu yake, au kuhesabu sarafu za nyumbani. Dakika tano zinaliwa na salamu na kupanga viti. Peremende usilete. Shule nyingi hazikubali kugawa chakula kwa hofu ya mizio. Stika zinafanya kazi ileile.

Nyumba: kazi ya Oktoba

Nyumba nyingi za kupanga Japani, hasa za zamani mashambani, zina kioo kimoja dirishani na hazina joto la pamoja kama la Ulaya. Unapasha chumba kimoja ulichomo, basi. Anza na kiyoyozi kilichopo ukutani, ambacho kwa kawaida hupasha pia. Kwenye rimoti, 冷房 ni kupoza, 暖房 ni kupasha, 除湿 ni kukausha unyevu. Toa kichujio, kioshe kwa maji, kikauke kivulini. Kilichojaa vumbi la kiangazi hula umeme bure na kunuka siku ya kwanza ya kuwasha.

Kisha piga hesabu ya umeme. Japani ni volti 100, na swichi kuu ya chumba cha mtu mmoja mara nyingi ni ampea 20 au 30. Ampea 30 ni wati 3,000. Birika 1,200, maikrowevu 1,300 na hita ndogo 1,200 ni 3,700: giza. Zima kimoja kabla ya kuwasha kingine. Na pasi au birika ulilobeba kutoka Kenya au Tanzania, la volti 240, hata ukiliwekea adapta ya plagi, halitapata moto wa kutosha. Mpe mtu nyumbani.

Kitu kinachopasha kwa gharama ndogo kuliko vyote ni blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka. Kinafuata kotatsu, meza fupi yenye hita chini na mfarishi juu, ambayo inapasha miguu tu, lakini miguu ndiyo inayolalamika. Madirishani bandika plastiki yenye mapovu, ile ya kufungia vyombo, na mapazia yafike sakafuni. Duka la vitu vilivyotumika, risaikuru shoppu, likaguliwe wiki ya kwanza ya Oktoba.

Hita ya mafuta ya taa ina nguvu kuliko vyote, na ndiyo inayoua. Kabla ya kununua soma mkataba wa nyumba, kwa kuwa wenye nyumba wengi wanaipiga marufuku. Ikiruhusiwa:

1. Nunua yenye alama ya usalama ya PSC. Kuukuu isiyo na alama hiyo iache hata kwa bei ya bure.

2. Mafuta, toyu, huuzwa kituo cha petroli kwenye pampu yake ya pekee, ndani ya dumu la plastiki la lita 18. Jekundu mikoa ya mashariki, la buluu mikoa ya magharibi. Soma neno 灯油 juu ya pampu mara mbili. Petroli ikiingia humo ni moto wa nyumba nzima.

3. Jaza hita ikiwa imezimwa na kupoa, mlangoni au nje, kwa pampu ya mkono. Kaza kifuniko cha tangi, ligeuze tangi chini juu ya gazeti uone kama linavuja, ndipo ulirudishe.

4. Utambi mpya uache unywe mafuta nusu saa kabla ya kuwasha. Ukiuharakisha unaungua, na harufu haitoki tena.

5. Kila saa fungua dirisha dakika moja au mbili. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kikianza kuuma, tayari imeshakuingia. Usilale ikiwaka, wala usianike nguo juu yake.

6. Mafuta ya mwaka jana yaliyobaki kwa aliyekutangulia usiyatumie. Yaliyogeuka manjano huziba hita. Kituo cha petroli huyapokea.

Hita yenye feni inahitaji umeme pia. Umeme ukikatika, ni ile ya utambi tu itakayokupasha.

Ndani pakipata joto, vioo vinatoka jasho, na jasho linaleta ukungu nyuma ya kabati. Futa vioo asubuhi, acha nafasi ya sentimita tano kati ya kabati na ukuta, na godoro la sakafuni likunjwe kila siku. Nguo zilizoanikwa nje zikung'ute kabla ya kuingiza: mdudu kamemushi hupenda joto lake, na ukimponda harufu inabaki siku nzima. Mnase kwa utepe wa gundi.

Giza

Aliyezaliwa karibu na ikweta hana mazoea ya jua linalobadilisha saa zake. Tokyo jua huzama karibu saa 12 jioni mwanzoni mwa Septemba, na ikifika mwisho wa Novemba ni saa 10:28. Sapporo ni karibu saa 10 kamili. Maana yake unatoka kazini gizani, kwa baiskeli, barabara nyembamba isiyo na taa.

Taa ya mbele na kiakisi cha nyuma ni lazima kisheria. Sisi tungeongeza taa nyekundu ya nyuma na ukanda unaong'aa mguuni, hasa kwa mwenye koti jeusi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 adhabu zimepanda: kushika simu huku unaendesha ni hadi miezi 6 jela au faini ya yen 100,000, na kuendesha baiskeli ukiwa na pombe mwilini ni hadi miaka 3 au yen 500,000. Hiyo karamu ya walimu basi, nenda kwa miguu.

Mwili

Upande wa Pasifiki hewa hukauka ghafla Novemba, na ngozi inapauka hata kwa aliyezoea kipupwe. Anza vaselini au glisirini mapema, mara baada ya kuoga ngozi ikiwa mbichi. Upande wa Bahari ya Japani mambo ni kinyume: mawingu na mvua mfululizo, na wenyeji wa Hokuriku husema usahau bento lakini usisahau mwavuli.

Shuleni utavua viatu mlangoni, kwa hiyo soksi nene ni muhimu kuliko buti, na viatu vya ndani viwe na soli nene. Sakafu ya ukumbi wa michezo ni barafu. Viatu hupimwa kwa sentimita. Mwanamume anayevaa zaidi ya 28 au mwanamke zaidi ya 25 aagize mtandaoni, dukani atazunguka bure.

Chanjo ya mafua hupatikana kuanzia Oktoba, kwa kawaida yen 3,000 hadi 5,000, nje ya bima. Uliza kama mwajiri anarudisha sehemu. Huchukua karibu wiki mbili kufanya kazi, kwa hiyo ichome kabla madarasa hayajaanza kufungwa kwa sababu ya mafua. Siku ukiwa na homa, piga simu kabla ya kikao cha asubuhi: "Netsu ga aru node, kyo wa yasumasete kudasai" (nina homa, naomba nipumzike leo). Uliza mapema kama mkataba wako una siku za ugonjwa au zinakatwa kwenye nenkyu.

Mashambani, Agosti hadi Oktoba nyigu wakubwa, suzumebachi, ni wakali kuliko wakati wowote. Hushambulia rangi nyeusi, na nywele zetu ni nyeusi, basi vaa kofia nyeupe matembezini. Ukimwona akikuzunguka rudi nyuma taratibu bila kupunga mikono. Kaskazini kuna dubu wanaoshuka kutafuta chakula. Miaka ya 2023 na 2025 ilikuwa mibaya. Tangazo la dubu likitolewa shuleni, lichukulie kama la kimbunga.

Novemba: karatasi ya kodi

Mwajiri atakupa fomu za nenmatsu chosei, marekebisho ya kodi ya mwisho wa mwaka. Wengi huandika jina na kurudisha. Anayetunza ndugu nyumbani anaacha pesa mezani hapo.

Ndugu aliye nje ya Japani anaweza kuhesabiwa tegemezi kama ana umri wa miaka 16 hadi 29, au 70 na zaidi, na kipato chake hakivuki kikomo kilichoandikwa kwenye fomu. Mwenye miaka 30 hadi 69 hukubaliwa tu katika hali chache, na inayowahusu wengi ni hii: umemtumia yen 380,000 au zaidi ndani ya mwaka huo. Punguzo la kawaida ni yen 380,000 kwenye kipato kinachotozwa kodi, 630,000 kwa mwenye miaka 19 hadi 22, na 480,000 kwa mzee wa 70 na zaidi. Kwa mtu aliye kwenye kiwango cha asilimia 5, tegemezi mmoja wa kawaida anaokoa yen 19,000 za kodi ya mapato, na karibu 33,000 za kodi ya wakaazi mwaka unaofuata.

Andaa hivi. Kwanza, ushahidi wa undugu: cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi au mtoto, pamoja na hati inayotaja tarehe ya kuzaliwa na anuani ya ndugu huyo, na tafsiri ya Kijapani ambayo unaweza kuiandika mwenyewe. Anza kuviomba Septemba, kwa sababu nakala kutoka nyumbani huchukua muda. Pili, ushahidi wa kutuma pesa kupitia benki au kampuni yenye kibali cha kutuma fedha, kuanzia Januari hadi Desemba, wenye jina lako na jina la mpokeaji. Pesa aliyobebeshwa msafiri haihesabiki.

Kosa linalogharimu zaidi ni la desturi yetu wenyewe: kumtumia mama zote, naye awagawie baba, shangazi na wadogo. Kodi inamtambua aliyeandikwa kwenye risiti tu, yaani mama peke yake. Tuma kwa kila mmoja kwa jina lake, hata kiasi kikiwa kidogo, isipokuwa wa miaka 30 hadi 69, ambaye kwa kawaida lazima afikie zile yen 380,000. Ukishachelewa kwa mwaka huu, badilisha utaratibu kuanzia Januari.

Walio Hokkaido, Tohoku, Nagano na milima ya theluji

Mwenye gari abadilishe matairi kuwa ya theluji, sutaddoresu, kabla ya katikati ya Novemba. Theluji ya kwanza ikianguka, gereji zina foleni ya wiki mbili. Ukinunua yaliyotumika, angalia mwaka uliochapwa ubavuni. Mpira mkongwe unakuwa mgumu na kuteleza hata kama mistari yake bado mirefu.

Mabomba nayo yaoneshwe na mwenye nyumba mchana, wakati maji bado yanatembea. Uliza vali ya mizu-nuki, ya kumwaga maji, iko wapi. Usiku wa kuganda, au unaposafiri: funga vali hiyo, fungua mabomba yote ya jikoni na bafuni hadi hewa iingie na maji yaishe, vuta maji ya choo mara moja, kisha funga mabomba. Maji yakishaganda ndani usimwagie maji yanayochemka, bomba linapasuka. Taulo lililolowa maji ya uvuguvugu, likizungushwa polepole kuanzia upande wa koki, ndilo linalofaa.